Mama Aliyeng'ang'ania Mlango

Wapendwa, yuko mama mmoja nataka mumwone asubuhi hii. Msimwone katika nguo za kanisani. Mwoneni amevaa gauni la kushindia, kilemba kimemvuka, mikono yote miwili imeshika kitasa cha mlango, anakitikisa kama mtu anayeng'oa kisiki.

Mama huyu aliishi katika makao ya wazee, chini ya milima ya Upare. Alikuwa na ule ugonjwa wa usahaulifu ambao wengi wetu tunao majumbani mwetu, ila hatupendi kuutaja. Alianza kwa kusahau majina ya majirani, ikafuata njia ya sokoni, na mwisho akasahau kwamba moto unaunguza. Ndipo binti yake wa pekee, mwalimu aliyeitwa Namkunda, alipomleta pale, akarudi nyumbani analia.

Asubuhi mama alikuwa mtulivu. Alikunywa uji, akaota jua, akambariki kila aliyepita. Lakini mchana ukigeuka na mawingu yakaanza kushuka mlimani, alikuwa mtu mwingine. Alizunguka chumbani, akauendea mlango. Ukimzuia anakupiga. Ukimbembeleza anakutemea mate. Mhudumu mmoja aling'atwa mkono. Na wale wahudumu, tusiwahukumu, hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka, kama mimi na wewe tungechoka.

Namkunda alikuja kumwona mara kwa mara. Alimletea ndizi mbivu, akampaka mafuta miguuni. Na mama alipokea vyote kwa adabu, akamwita dada wa watu, akamuuliza kama wazazi wake bado wako hai. Mnalisikia hilo? Mama aliyekuzaa anakuuliza kama una mama. Namkunda alikuwa akitoka pale anajiambia kwamba amefutika kabisa moyoni mwa mama yake, na kwamba yale makelele ya mlangoni ni chuki ya mtu aliyetupwa na mwanawe.

Basi siku moja muuguzi mkuu akamwita ofisini. Akamweleza kwa upole kwamba daktari anashauri mama apewe dawa ya kumtuliza kila siku. Itamlaza sehemu kubwa ya mchana, lakini yeye na wenzake watakuwa salama. Namkunda hakukataa. Aliomba tu ashinde naye siku ile kwanza, aone mwenyewe.

Mawingu yakashuka. Mama akainuka, akaushika mlango. Wahudumu wakaja, Namkunda akawaomba wampishe. Hakumvuta mkono. Alisimama karibu naye, akamuuliza, "Mama, unakwenda wapi?"

"Mvua inakuja," mama akasema, macho mlangoni. "Mtoto wangu yuko shuleni na mto utajaa. Yule hawezi kutembea, mguu wake mbovu. Atanisubiri mpaka giza liingie. Niachieni mlango."

Ndugu zangu, Namkunda alizaliwa na mguu mmoja uliopinda. Kabla hajafanyiwa upasuaji, miaka yake yote ya mwanzo ya shule, miguu yake ilikuwa mama yake. Mawingu yakitanda, mama anatupa jembe katikati ya shamba la tangawizi, anateremka mbio, anambeba mwanawe mgongoni na kumvusha mto kabla maji hayajafurika. Namkunda alikuwa hajayawaza hayo kwa miaka mingi.

Akamwambia, "Mama, ni mimi. Mimi ndiye Namkunda."

Mama akamtazama juu mpaka chini. "Wewe mtu mzima. Mwanangu mdogo. Nipishe, dada, tafadhali."

Hapo wewe ungefanya nini? Ungebishana? Ungetoa kitambulisho? Namkunda aliifunika mikono ya mama kwa mikono yake, akasema taratibu, "Mtoto ameshafika nyumbani, mama. Hakulowa. Amekula, ameshiba."

Kitasa kikanyamaza. "Nani kamvusha?"

"Wewe. Umembeba mwenyewe mgongoni. Kila mvua iliponyesha ulimbeba, na hukumwangusha hata mara moja. Anasema ahsante, mama. Anasema ahsante sana."

Mama akaachia mlango. Akakaa kwenye benchi, akashusha pumzi, akasema, "Namshukuru Mungu." Mvua ikaanza kupiga bati, naye akaitazama kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku. Namkunda akakaa ubavuni mwake akilia, wala si kwa huzuni. Neno lile hakuwahi kulitamka. Alipokuwa mdogo hakujua kwamba linahitajika, na alipokuwa mkubwa alikuwa na haraka. Sasa limesemwa, na mama amelipokea.

Sitawadanganya kwamba yote yalinyooka. Wahudumu nao walijifunza kumwambia mtoto ameshafika, na siku nyingi alitulia. Siku nyingine hakutulia, na dawa ikabidi itumike. Lakini hakuna aliyemwita tena mkorofi. Akafa masika yale, kifo cha utulivu, bila kuijua sura ya binti yake. Na Namkunda makaburini alisema maneno machache tu, yote ya shukrani.

Sasa niwaulize. Kati ya wale wawili, aliyesahau alikuwa nani? Sote tulimwangalia mama. Kumbe mama ndiye aliyekuwa anakumbuka, anapigana na dunia nzima ili amfikie mwanawe, na mwana amesimama pale pale anasema, amenisahau.

Sisi tuliokaa kwenye mabenchi haya, tumevaa vizuri, nani kati yetu alivuka peke yake? Kuna mtu alitubeba. Kwa wengine wetu yupo bado, nyumba ya nyuma, au kwa dada yako kule kijijini, na umeacha kwenda. Nikikuuliza kwa nini, utaniambia, "Mchungaji, niende kufanya nini? Hanijui."

Hakujui, kweli. Lakini kumbuka siku ile walipokufuta damu, wakakulaza kifuani pake. Ulikuwa unalia, unarusha mikono na miguu, unampiga. Wewe ulimjua? Hukujua jina lake, hukujua sura yake, hukujua hata kwamba yeye ni mtu mwingine na si wewe. Na yeye hakungoja umjue. Alikukumbatia hivyo hivyo, akamshukuru Mungu kwa ajili yako.

Nenda basi. Nenda leo, kabla hujavua hizo nguo za kanisani. Kaa naye, mshike mkono, mwambie ahsante. Asipokujua, mwambie hivyo hivyo.