Lundo la Mashudu la Mzee Kisuda

Hapo kijijini kwetu mashine ya kukamua alizeti ilikuwa moja tu, ya tajiri Kisuda. Watu walilipia, wakabeba mafuta, makapi yaliyobaki, mashudu, wakamwachia.

"Takataka hizo, wanangu. Niachieni mimi nihangaike nazo."

Nao wakamshukuru! Ng'ombe wake wakanenepa hadi mlango wa zizi ukawabana. Mughenyi, ambaye ng'ombe wake alikuwa mbavu tupu, aliomba debe moja la mashudu, akafukuzwa. Takataka gani mtu ananyimwa?

Siku ya foleni kubwa Mughenyi akaja anahema. "Shikamoo, mzee! Bwana afya yuko njiani. Anauliza lundo la takataka nyuma ya mashine ni la nani, amtoze faini."

Kisuda akaruka. "Si langu! Kwani alizeti nililima mimi?"

"Sema kwa nguvu, mzee, wenzangu wa nyuma hawajasikia."

"Mashudu ni ya wenye alizeti! Wayaondoe sasa hivi!"

Watu wakajaza magunia, lundo likaisha. Kisuda akachungulia barabarani. "Mbona bwana afya haji?"

"Nimemwambia asijisumbue," akasema Mughenyi, akijitwika gunia. "Mashudu si takataka, mzee, ni chakula cha ng'ombe. Wako hawajakuambia?"