Shomari Sahau Alivyowapangia Vyumba Wafalme

Hapo zamani, katika mji wa Mwambweni, palikuwa na fukara mmoja jina lake Shomari, na watu walimwita Shomari Sahau, kwa kuwa hapakuwa na jambo asilolisahau. Mkewe, Mwanamize, akimtuma nazi sokoni, hurudi na paka. Siku moja aliingia katika shughuli ya watu, akala, akanawa, akawapongeza wenyeji na kuwaombea wapate nyingine kama ile mwakani. Kumbe ni matanga.

Mji ule ulitawaliwa na Sultani Zahidi, mtu mwenye kujivuna kwa nasaba yake. Ikawa anataka kumwoza mwanawe binti wa mfalme wa ng'ambo, na mfalme yule akaleta salamu, akisema, "Wajumbe wangu watafika baada ya mfungo. Wasomewe nasaba yenu kwa moyo, jina kwa jina, tangu babu wa kwanza. Asiyejua alikotoka simpi binti yangu."

Basi Sultani akamwita msoma nasaba wake ajaribu mbele ya baraza. Lakini mzee yule alikuwa hana jino hata moja, na kila jina likatoka kinywani mwake kama upepo wa mlango mbovu. Watu wote wakainamisha nyuso. Shomari, aliyekuwa amekaa penye viatu, akaangua kicheko.

Sultani akanguruma, "Nani huyo awachekaye wazee wangu?"

"Ni mimi, Maulana. Nilisahau kwamba hapa hapachekwi."

"Basi utawasoma wewe! Ukikosa jina moja mbele ya wageni, utatoka mji huu wewe na mkeo, na nyumba yenu wakae popo."

Shomari akarudi kwake, akamweleza mkewe. Mwanamize aliposikia alilia kidogo, kisha akapangusa macho, akasema, "Mume wangu, nazi unaisahau, lakini mlango wa nyumba hii hujaukosa hata siku moja. Hata ukiwa na usingizi wajua mtungi uko wapi na mkeka uko wapi."

"Naam, kitu chenye mahali pake hakinipotei."

"Basi na wafalme wape mahali."

"Wafalme wote wale, katika chumba hiki kimoja? Watalalia nini?"

Wakatazamana, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kulipokucha Shomari akaenda mbele ya Sultani, akasujudu. "Maulana, kichwa changu ni kifuu cha nazi, na wazee wako ni watu wakubwa. Hawaenei. Naomba wapewe vyumba humu kasrini."

"Watakula nini?"

"Hawali, hawanywi, wala hawakojoi kitandani."

Sultani akaona huu ni upumbavu usio na hasara, akasema, "Nyumba ni yao. Waweke popote wanapoenea."

"Popote, Maulana?"

"Popote, nimesema! Waziri ni shahidi."

Basi Shomari akazunguka kasri lote pamoja na yule mzee asiye na meno, mzee akimnong'oneza jina, naye akisimama, akifumba macho, akicheka peke yake, kisha akisonga mbele. Watumishi wakasema amerukwa na akili. Na mahali pamoja, mbele ya mlango mdogo wa uani, alicheka hata akakaa chini.

Mfungo ukaisha, wajumbe wakaja na vilemba vyao vikubwa, baraza likajaa. Mwanamize alisimama nje ya dirisha, amefunga mzigo wake tayari. Shomari akafumba macho, akaanza, na majina yakatiririka kama maji ya mfereji, hata akafika kwa Sultani Zahidi mwenyewe. Mkuu wa wajumbe akasema, "Mashallah! Je, kinyumenyume?" Shomari akageuka, akarudi nayo jina kwa jina mpaka babu wa kwanza. Baraza likalipuka kwa shangwe.

"Umewezaje?" akauliza mjumbe.

"Sikuweza kitu, bwana. Nimewaona tu walipokaa."

Sultani, kifua kimemjaa, akasema, "Tuonyeshe!"

"Maulana, labda tuishie hapa, mambo yangali mazuri."

"Tuonyeshe, nakuamuru!"

Basi wakatoka wote, Shomari mbele. Akasimama langoni. "Hapa yupo Sultani Ndovu. Amekwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, watumishi wanamsukuma matakoni." Wajumbe wakakohoa. Ukumbini akasema, "Na hawa ni Hamisi wa kwanza, wa pili na wa tatu, wanagombea kigoda kimoja." Jikoni akaonyesha chungu. "Sultani Rashidi Kidevu, anakoroga mchuzi kwa ndevu." Kisimani palikuwa na Sultani Kasa, amelala chali, hawezi kujigeuza. Waziri alikuwa ameuma ncha ya kilemba chake asicheke, machozi yanamtoka.

Wakapita hivyo vyumba vyote, hata wakafika kwenye ule mlango mdogo wa uani, nao ni wa choo. Shomari akataka kupita.

"Nani yumo humo?" akauliza Sultani.

"Babu yako mpenzi, Maulana. Sultani Ngurumo."

"Chooni!"

"Kwa jina lile, Maulana, ningemweka wapi tena?"

Uso wa Sultani ukawa mwekundu kama pilipili. "Mtoe! Mtoe sasa hivi, ama nitakutoa kichwa!"

"Ulisema popote, na waziri ni shahidi. Lakini amri ni amri. Tatizo langu ni kuwa nimefumbua macho, simwoni tena. Ingia wewe, mjukuu wake. Ukimwona, mshike mkono umtoe kwa heshima."

Sultani akaingia kwa hasira ili awaonyeshe wote kwamba hamna mtu. Watu wakatega masikio mlangoni. Kisha wakasikia kama mtu anapaliwa, halafu kicheko kikubwa kikatoka, na Sultani nyuma yake, ameshika ukuta, kilemba kimemwangukia sikioni.

"Yumo!" akalia. "Wallahi yumo, ananguruma, anaitisha kopo la maji!"

Hapo wajumbe nao wakaanguka kwa kucheka. Sultani, akijifuta macho, akaanza kuhesabu: Ndovu langoni, Hamisi watatu, Kidevu jikoni, Kasa kisimani, akaenda hivyo chumba kwa chumba, hata akawamaliza wote pasipo kukosa. Akasimama ameduwaa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Miaka yote najisifu kwa wazee hawa, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuwajua."

Mkuu wa wajumbe akamwinamia. "Bwana wangu, tulikuja kutafuta nasaba, tumeona na nyumba. Binti yetu hatanuna hapa. Posa imekubaliwa."

Mwanamize akafungua mzigo wake palepale dirishani. Shomari akafanywa msoma nasaba wa mji, na yule mzee asiye na meno akapewa uji wa maziwa na mapumziko.

Naye Sultani Zahidi, tangu siku ile hadi kufa kwake, hakuingia chooni kabla hajapiga hodi, akangoja kidogo, na kusema, "Samahani, babu."

Nami niliyewasimulia nimefika ukingoni mwa hekaya. Mwenye kicheko na acheke, mwenye babu na ampelekee maji.