Neno la Sultani Lililopanda Punda

Hapo zamani, chumvi ikipimwa kwa kiganja na mtu akiaminiwa kwa uso wake, palikuwa na Sultani akiitwa Hatibu, na mji wake ulikuwa chini ya milima. Na katika mji huo alikuwako mtu jina lake Shekue, hana shamba, hana mbuzi, ana kanzu moja, na hiyo akiifua hukaa ndani mpaka ikauke. Watu wakimwita mpumbavu, naye akiitika.

Basi mji ule ulikuwa na desturi yake. Mtu akitaka kupeleka neno milimani, alfajiri huenda langoni akafunga alama yake kwenye kamba ya tarishi, huyu kitambaa, huyu unyoya, huyu kipande cha kifuu, kisha akamwambia tarishi neno lake kwa kinywa. Tarishi akiitwa Fumo, kijana wa mbio, naye alishika kila neno kama lilivyo. Aliyetangulia kufunga ndiye aliyetangulia kufunguliwa, awe tajiri awe mgema, awe wa mjini awe wa kuja. Kamba haikumuuliza mtu kabila wala kibla.

Ikawa waziri wa Sultani, Mwinyi Sadala, jambo lile halimpi usingizi. Alikuwa mtu wa ibada, hakuna awezaye kumsingizia, lakini aliipenda nchi yake kama mtu anavyopenda chakula asichotaka kugawa. Akamwendea Sultani akamwambia, nchi hii Mungu ametupa sisi, watu wa dini na watu wa ardhi hii. Yafaa kweli neno la msikiti likae kwenye kamba nyuma ya neno la mgema aulizaye kibuyu chake? Kamba moja kwa wote ni adabu ya wageni, wametuletea ili tusahau sisi ni nani. Neno la Mungu na la nchi liende na Fumo. Yaliyobaki yapande punda.

Sultani akaona ni maneno mazuri, na maneno mazuri yana tabu kuyakataa mbele ya watu. Mbiu ikapigwa. Imamu mzee wa mji akasema taratibu kwamba mvua ya Mungu hainyeshei shamba la mcha Mungu peke yake, lakini sauti yake ilikuwa ndogo na mbiu ilikuwa kubwa.

Shekue alikuwako pale amechutama, akauliza, "Na kamba itajuaje?"

Watu wakacheka. Sultani hakucheka.

"Wewe ndiye utakayeijulia," akasema. "Tangu kesho kaa langoni uchague. Neno la Mungu na la nchi likipanda punda, shingo yako. Neno jingine likienda na Fumo, shingo yako."

"Maulana, mimi sioni ndani ya kifua cha mtu."

Mwinyi Sadala akamjibu kwamba hapana haja ya kuona kifuani. Neno la Mungu na la nchi hujulikana kinywani, huanza kwa jina la Mungu na kuiombea nchi idumu. Lisiloanza hivyo ni la kigeni.

"Hata likiwa la mkubwa?" Shekue akauliza.

"Sheria ya Mungu haina jamaa," akasema Mwinyi Sadala, na Sultani akaitikia kwa kichwa, watu wote wakiona.

Shekue akaenda zake nyumbani akiishika shingo. Ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo, ukiacha kanzu.

Basi alfajiri akakaa langoni, Fumo mkono wa kuume, punda mkono wa kushoto. Punda mwenyewe alikuwa wa tanuu la chokaa, jicho moja bovu, na mchungaji wake mzee akilala akitembea. Siku ya kwanza watu walisema kama walivyozoea, na maneno yao yakapanda punda. Siku ya pili wakawa wamejua. Akaja Nzaro, mgema, mtu wa milimani, akatoa kifuu chake akasema, "Kwa jina la Mungu, na nchi yetu idumu, mwambieni Dama anirudishie kibuyu changu." Shekue akakifunga kwa Fumo. Akaja mwanamke mmoja aliyegombana na wifi yake, akasema, "Kwa jina la Mungu, na nchi yetu idumu, mchawi we." Likaenda kwa Fumo, tena mbele.

Mwadhini naye akaja mbio, maana kamba ya kisima cha msikiti ilikuwa imekatika, na wasokota kamba wako milimani. Akasema leteni kamba upesi, watu watatawadhia nini? Shekue akamtazama kwa huruma, akaifunga alama yake juu ya punda. Mji mzima ukatayamamu kwa mchanga juma zima. Mwinyi Sadala akaja amekunja uso, akauliza hilo la msikiti si la Mungu? Shekue akasema labda ni la Mungu, lakini halikusema.

Tangu hapo Mwinyi Sadala akawa anakuja langoni kila alfajiri, anasimama nyuma yake na tasbihi, akingoja akosee. Shekue alimsikia akipumua pale nyuma ya shingo.

Ikawa binti wa Sultani, Mwanaesha, akaamka koo limevimba, mate hayapiti, pumzi inapita kwa kuomba. Wa kulitibu koo lile alikuwa mmoja tu, Bi Kadzo, mganga wa milimani. Sultani hakungoja kutuma mtu. Alikuja langoni mwenyewe, miguu mitupu, akang'oa kifungo cha joho lake akakitia mkononi mwa Shekue.

"Mwambieni Bi Kadzo aje, mwanangu anakufa," akasema, akageuka akarudi mbio kwa mtoto.

Shekue akabaki na kile kifungo. Tasbihi nyuma yake ikanyamaza. Akitie kwa Fumo, shingo imekwenda. Akitie kwa punda, mtoto amekwenda. Akatazama watu waliopanga foleni, akamwona Nzaro na kifuu chake.

"Nzaro, ndugu yangu, Bi Kadzo si shangazi yako? Huna salamu zake?"

"Hatusemezani mwaka wa pili huu."

"Semezaneni leo. Umesikia yaliyosemwa hapa."

Nzaro hakuwa mjinga. Akafunga kifuu akasema, "Kwa jina la Mungu, na nchi yetu idumu, shangazi, mtoto wa Sultani koo limeziba, njoo na dawa, ugomvi wetu tutaumalizia mbele." Fumo akachomoka kama kanga. Nacho kifungo cha Sultani Shekue akakifunga shingoni mwa punda, mbele ya macho ya Mwinyi Sadala, na punda akaondoka akila majani ya kando ya njia.

Alasiri Bi Kadzo akafika. Akamkanda mtoto, akamwosha koo kwa dawa zake, akakesha naye. Asubuhi Mwanaesha akaomba uji, tena akalalamika hauna sukari. Bi Kadzo akapanda milima kurudi kwake, kwa njia ya mkato.

Jioni ile Mwinyi Sadala akamwambia Sultani habari ya kifungo. Shekue akaletwa, mikono imefungwa.

"Neno langu umelipandisha punda?"

"Naam, Maulana."

"Mwanangu anakufa, nawe unanipandisha punda?"

"Maulana hukumtaja Mungu, wala hukuiombea nchi. Nikadhani u mgeni."

Baraza zima likatazama chini. Mwinyi Sadala akasema kwa haraka kwamba Mungu alikuwa moyoni mwa Sultani, nani asiyejua. Shekue akamgeukia kwa upole.

"Mwinyi, uliniambia nitazame kinywa. Ya moyoni anayajua Mungu, na kazi yake sikupewa."

"Basi nani aliyemwita Bi Kadzo?" Sultani akauliza.

"Nzaro, mgema. Yeye alimtaja Mungu."

Sultani akashika kidevu. Hakusema afunguliwe, hakusema akatwe. Mkubwa kumeza neno lake ni kazi, hasa likiwa na miiba. Na wakati wamekaa hivyo, mlangoni pakasikika mtu akihema. Ni Bi Kadzo, kapu kichwani, vumbi mpaka nyusi, na kifungo cha joho mkononi. Alikuwa amefika kwake akamkuta punda ndiyo kwanza anafika.

"Nimeambiwa nije, mtoto anakufa," akasema. "Yuko wapi huyu wa pili?"

Mwanaesha akachungulia nyuma ya pazia, mdomo umejaa uji.

Sultani akamtazama mtoto, akamtazama Bi Kadzo, akakitazama kifungo. Akaanza kucheka kidogo, kisha kilemba kikamwangukia mapajani. Alipojifuta machozi akamfungua Shekue kwa mkono wake mwenyewe, akaamuru kamba iwe moja kama ya wazee, wa kwanza wa kwanza, na kinywa cha mtu kibaki na Mola wake. Mwinyi Sadala akapewa kazi ya kumpandisha Bi Kadzo milimani, juu ya punda yule yule, yeye akitembea kwa miguu ameshika hatamu.

Shekue akaulizwa ataka nini, akasema kanzu ya pili. Akapewa. Na tangu siku hiyo akifua moja hutoka nje na nyingine, watu wakimwita mpumbavu, naye akiitika. Nami nilivyopewa ndivyo nilivyowapa, sikuuliza nani wa kwetu nani wa kuja.