Baiskeli Isiyokwenda Popote

Mwaka ule uliofuata vita vya Kagera, madukani hakukuwa na sabuni wala viberiti, na wanaume wengi wa Ushirombo waliyapa kisogo mashamba ya pamba wakaenda Nyarugusu kutafuta dhahabu. Telesphori alikuwa mmoja wao. Alikuwa pande la mtu, mwenye miguu iliyozoea kufuata plau tangu alfajiri hadi jua la utosi. Siku moja kuta za duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, ziliporomoka akiwa ndani. Wenzake walimfukua akiwa hai, lakini paja lake la kulia lilikuwa limevunjikavunjika.

Alilazwa miezi mingi katika hospitali ya misheni, mguu ukiwa ndani ya plasta. Ilipofunguliwa, Telesphori aliugeuzia uso ukuta. Mguu alioujua haukuwapo. Mahali pake palikuwa na kitu chembamba kama bua la mtama, na goti lililokunjika kidogo tu kisha likagoma.

Sista Lukresia, aliyesimamia mazoezi ya viungo, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimpandisha juu ya baiskeli ya chuma isiyo na magurudumu, iliyosimama imara sakafuni, akamfunga nyayo kwenye pedali.

"Kanyaga," akamwambia.

"Sista, inauma!"

"Najua inauma. Siku ikiacha kuuma ndipo uogope. Kanyaga."

Alikanyaga huku machozi yakimchuruzika, na polepole goti likaanza kutii. Lakini hospitali ilikuwa imefurika, wagonjwa wakilala wawiliwawili, na kabla mguu haujapata nguvu akaambiwa aende nyumbani. Siku ya kuondoka, Sista alimwita pamoja na mkewe, Coletha.

"Baba Justa, baiskeli hii haiwezi kwenda nanyi, tunayo moja tu. Lakini tafuteni baiskeli yoyote yenye stendi inayoinua gurudumu la nyuma. Ipande hapohapo uani, ukanyage asubuhi na jioni. Hata kama imeoza, mradi pedali zinazunguka. Goti halimngoji mtu. Mvua za kwanza zikikukuta hujaanza, litaganda, na hapo mimi sitakuwa na la kufanya."

"Tumesikia, Sista," Coletha alijibu.

Telesphori alikuwa akiitazama ile baiskeli ya chuma, kiti chake kipana chenye egemeo na kirungu chake cha kukazia pedali ziwe nzito. Moyoni alikuwa ameshaamua kwamba dawa ya mguu wake ni ile, na nyingine zote ni takataka.

Hawakukaa sana nyumbani, akaja Jilala, kaka yake Coletha, akiisukuma baiskeli yake. Katika nchi ile mtu yu tayari kumwazima jirani ng'ombe wa kulimia kabla hajamwazima baiskeli. Jilala alikuwa ameifuta mpaka spoku zinang'aa.

"Mwangaluka, shemeji," alisalimu kwa Kisukuma. "Nimekuletea hii. Mimi nitatembea kwa miguu mpaka upone."

"Wabeja, shemeji," Telesphori alishukuru. Kisha akaegemea fimbo, akaizunguka baiskeli, akaitikisa. "Stendi yake inayumba. Nikianguka nitavunjika tena. Na tandiko hili halina mahali pa kuegemea mgongo."

"Nitaishikilia mimi," alisema Coletha.

"Uishikilie, watu wapite njiani wanione mtu mzima naendesha baiskeli uani kwangu, mke wangu kaishika, na haiendi popote? Watasema kifusi kilinipata kichwani!"

Jilala alicheka, akidhani ni utani. Alipogundua kwamba si utani alikunywa maji, akaipanda baiskeli yake akaenda zake.

Coletha hakukata tamaa. Alimwendea Donatus, fundi baiskeli wa sokoni, akamweleza shida yake. Donatus alichukua fremu kuukuu, akaifunga kwa bolti kwenye magogo mawili mapana ili isiyumbe hata ikipandwa na tembo, na akaweka kipande cha tairi kikisugua rimu ili pedali ziwe nzito. Akaileta kwa mkokoteni mpaka mlangoni.

Safari hii Telesphori alipanda. Aliweka mguu wa kulia kwenye pedali, akasukuma. Pedali ilizunguka nusu, maumivu yakampanda kutoka gotini hadi kwenye meno, naye akashuka.

"Kiti kigumu," alisema.

"Kiti nitakibadilisha, mzee," alijibu Donatus.

Alikibadilisha. Telesphori akasema inapiga kelele, Donatus akaipaka grisi. Akasema haina egemeo, Donatus akachonga egemeo. Akasema haina kirungu cha kukazia kama ile ya hospitali. Hapo fundi akaweka spana mfukoni.

"Mzee wangu, usinikasirikie. Baiskeli hii imebaki na kasoro moja tu, na hiyo siwezi kuitengeneza mimi. Haina mtu juu yake."

Akaondoka, akaiacha palepale. Kuku wakaifanya mahali pa kulala, na egemeo likajaa mavi yao.

Wakati huo zikafika habari kwamba huko Chato kuna mgeni mmoja kutoka Ulaya aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao, naye ana baiskeli ya mazoezi sawasawa na ile ya hospitali, ila mpya zaidi. Telesphori alipata uhai. Alimtuma Jilala, na Jilala akarudi na jibu: mgeni angeitoa kwa kubadilishana na maksai mmoja wa kuchinja kwenye karamu yake ya kuagana, lakini mpaka siku atakapofunga mizigo yake. Telesphori alikuwa na maksai wawili tu, na plau haivutwi na mmoja. Akakubali bila kumwuliza mkewe.

Basi ukawa ni mwendo wa kungoja. Kila lori lililopita, Telesphori alichungulia barabarani. Pamba ikavunwa, nyasi zikachomwa, upepo wa kiangazi ukapeperusha majivu, na yule mgeni wa Chato bado hajafunga mizigo. Jioni moja Coletha alipiga moyo konde, akamfukuza kuku kwenye kiti cha baiskeli ya Donatus, akakifuta kwa khanga yake.

"Baba Justa, nakuomba. Panda hii wakati tunaingoja ile. Ile ikija utaihamia."

Telesphori aliinamisha kichwa. Alipoinua uso, Coletha aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa mume wake tangu wafunge ndoa.

"Mama Justa, ninaogopa. Sasa hivi mtu akiniuliza kwa nini sitembei, nasema sijapata baiskeli nzuri. Nikipanda hii kila siku na mguu usipone, nitasema nini? Itakuwa nimekuwa kilema."

Coletha alitaka kumshika mkono amburute. Badala yake alimwonea huruma, akaketi kando yake, wakalia wote wawili kama watoto waliofiwa. Alikuja kuijutia huruma ile maisha yake yote. Tangu siku hiyo Telesphori alianza kumwambia kila aliyemjulia hali kwamba afadhali sasa, goti limeacha kuuma.

Mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda upande wa ziwa lori lilipoishusha baiskeli ya Chato na kumpakia maksai mmoja. Lo, ilikuwa nzuri! Chuma chake kiling'aa hata mtu akajiona uso, kiti kilikuwa cha ngozi, kirungu kilizunguka kwa kidole kimoja. Majirani walijaa uani. Siku ile hakuna aliyecheka, na Telesphori hakuona haya tena. Jilala na Donatus walimwinua wakamketisha. Mguu wa kushoto ukaikuta pedali yake mara moja. Wa kulia ukabaki umenyooka hewani.

"Kunja goti, shemeji," alisema Jilala.

"Ninakunja."

"Hujakunja."

"Ninakunja!" Telesphori alipiga kelele, jasho likimtiririka, na mguu haukusogea hata kidogo. Jilala alijaribu kuusukuma kwa mikono miwili, lakini ilikuwa ni kama kukunja mwamba. Majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga.

Kesho yake walimpeleka hospitalini kwa mkokoteni. Sista Lukresia alilishika goti muda mrefu.

"Mlikosa baiskeli?" aliuliza hatimaye.

"Hatukukosa, Sista," alisema Coletha. "Zilikuwapo."

Sista hakumkaripia mtu. Telesphori alingoja karipio lile kwa hamu, kwa kuwa anayekaripiwa bado ana tumaini. Sista aliingia ndani, akatoka na magongo mawili, akayaegemeza kando yake, akaenda kwa wagonjwa wengine.

Usiku huohuo ikanyesha. Asubuhi nchi nzima ilinukia udongo mbichi, na kila upande zilisikika sauti za watu wakiswaga ng'ombe wao wa plau. Maksai mmoja aliyebaki alisimama zizini akilia. Coletha hakumtazama. Alichukua jembe la mkono lililokuwa nyuma ya mlango, ambalo bapa lake lilikuwa limelika hadi likabaki kama kijiko.

Telesphori alikuwa ameketi kizingitini, magongo yamelala miguuni pake.

"Mama Justa, ngoja kwanza. Jembe hilo limekwisha, na mpini wake umelegea. Subiri Jilala akuletee jingine zuri."

Coletha alisimama. Alimtazama mume wake kwa muda, bila hasira, na Telesphori akatamani angekuwa na hasira.

"Mvua imenyesha, Baba Justa," alisema, akaugonga mpini juu ya jiwe mpaka ukakaza, akaingia shambani.

Telesphori alimsikiliza akilima, pigo baada ya pigo, mpaka machozi yakamziba macho asione shamba wala mlimaji. Alikuwa na baiskeli nzuri kuliko zote kutoka Chato mpaka Shinyanga, na hakuwa na mguu wa kuiendesha. Mchagua jembe si mkulima.