Kwa Nini Wachezaji wa Mbuga ya Chumvi Huvaa Njuga Mguu Mmoja

Hapo kale, kabla ya kuwapo sherehe hii mnayoijia na ngoma, vinyago na kwaya zenu, wachezaji wa bonde hili walivaa njuga miguu yote miwili. Mfua chuma alizifua kengele ndogo ndogo, akazishona kwenye mshipi wa ngozi, mmoja wa mguu wa kulia na mwingine wa kushoto. Watu wa Mlowe walicheza kwao, watu wa Kisagi wakacheza kwao. Katikati ilikuwapo mbuga ya chumvi, na kila upande ulichota kwake.

Kisha mvua zikakatika, chumvi ikabaki sehemu moja tu, pale katikati. Vijana wakagombana kwa maneno, halafu kwa fimbo, mwishowe kwa mishale. Vita ile ilidumu hata watoto waliozaliwa ilipoanza wakaweza kuvuta upinde.

Nyanzobe alikuwa mke wa Luhende, mfua chuma wa Mlowe, na mchezaji aliyejulikana pande zote mbili. Chuma kilipoadimika, wazee waliagiza kila kilichomo majumbani kipelekwe kwenye tanuri la Luhende kiwe ncha za mishale: majembe yaliyochakaa, bangili, na njuga zote. Nyanzobe alipeleka jembe lake na bangili zake. Njuga alishindwa. Luhende alizifua kwa mkono wake kwa ajili ya harusi yao, na Nyanzobe hakuwa na kitu kingine cha kumkumbusha siku zile. Akazifunga katika kipande cha gome, akazifukia chini ya jiwe la kusagia.

Luhende alimwuliza ziko wapi. Akajibu kwamba zimeshayeyushwa pamoja na nyingine. Luhende, ambaye ndiye aliyekuwa akiyeyusha, alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye mivukuto yake.

Wanaume walipopungua, Luhende naye alikwenda vitani. Siku hiyo mishale ya Mlowe iliisha kabla jua halijafika utosini. Waliorudi walisema alianguka akiwa na podo tupu. Nyanzobe alilia kama walivyolia wajane wengine, na watu wakampa pole kama wajane wengine. Lakini kila alipopiga magoti kusaga ulezi, mikono yake ilikuwa mizito, na alijiuliza zile njuga zingetoa ncha ngapi.

Mwishowe pande zote zilichoka. Wakakubaliana kukutana mbugani, juu ya chumvi yenyewe. Desturi ya bonde ilikuwa kwamba mapatano lazima yachezwe. Maneno ya mdomoni mtu aliweza kuyakana, lakini jambo lililochezwa mbele ya umati kila mmoja aliliona. Basi wazee walizungumza tangu asubuhi, wakagawana siku za kuchota, wakaelewana. Ndipo msemaji wa Kisagi, Mzee Shigela, aliposema wachezaji waje, na watu wakaanza kutazamana. Hapakuwa na njuga. Kisagi nao walikuwa wameyeyusha zao.

"Tucheze hivi hivi," akasema mzee mmoja wa Mlowe.

"Bila njuga ni watu wanaorukaruka," Shigela akajibu. "Mwakani mtasema mlikuwa mnanyoosha miguu."

Wengine walicheka, lakini wazee hawakucheka. Vijana waliokaa nyuma walianza kuzisogelea pinde zao.

Nyanzobe alikuwa pamoja na wanawake walioleta uji. Aliondoka bila kuaga, akaenda nyumbani, akalisukuma jiwe, akachimba kwa kigae. Ngozi ilikuwa imeliwa na mchwa pembeni na chuma kimeshika kutu, ila kengele zilikuwa bado zinalia. Aliporudi mbugani mlio wake ulimtangulia, na watu wa Mlowe wakageuka wote. Masele, mdogo wake Luhende, akasimama.

"Shemeji, hizo umezitoa wapi?"

"Chini ya jiwe la kusagia."

"Tangu lini?"

"Tangu zilipotakiwa."

"Kaka alikufa na podo tupu," akasema.

"Najua. Hakuna siku ninayolisahau hilo."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Wazee wakamwomba Masele akae, naye akakaa, akawapa watu mgongo. Nyanzobe akainama kufunga njuga zake. Lakini Shigela akainua mkono.

"Huyu akicheza na njuga, na mchezaji wetu akacheza miguu mitupu, itasemwa kwamba Mlowe walicheza nasi tukatazama. Mapatano hayo yatakuwa ya upande mmoja."

Alikuwa na haki. Nyanzobe aliangalia miguu yake. Halafu akaufungua mshipi wa kushoto, akawanyooshea watu wa Kisagi.

Haukupokewa upesi. Hatimaye akainuka Ngusa, mchezaji wao, mtu mzima mwenye mvi, akaja, akaupokea. Alipokuwa akijifunga alisema kwa sauti ya chini, "Mama, siku ile mumeo alipoanguka nilikuwapo. Tulikuwa wengi tunaopiga. Sijui mshale ulikuwa wa nani."

"Leo usinitafutie mwenye mshale," Nyanzobe akasema. "Kaza hiyo kamba. Italegea ukiruka."

Ngoma zikalia, nao wakacheza vibaya. Njuga ya kulia ilisema, kisha pale ambapo ya kushoto ilitakiwa kuitikia pakawa kimya, au Ngusa akawahi, au akachelewa. Mtu akaguna. Wakasimama.

"Usisikilize ngoma," Nyanzobe akamwambia. "Sikiliza mguu wangu."

"Nawe usikimbie," akasema Ngusa.

Wakaanza tena, polepole, bega kwa bega, mpaka hatua ya yule na hatua ya huyu zikasikika kama mwendo wa mtu mmoja. Wapiga ngoma wakawafuata. Wanawake wachache wakapiga vigelegele, kisha wengi, na haikujulikana tena walikuwa wa upande gani.

Mapatano yale yalidumu. Si kwamba kila kitu kilipona: Masele hakumsemesha shemeji yake kwa muda mrefu, na wako waliosema Nyanzobe hastahili kusifiwa. Mwenyewe hakuwabishia. Chuma kilipopatikana tena, wafua chuma walitaka kufua njuga za jozi, lakini wazee wa pande zote mbili wakakataa, wakaona heri kila upande ubaki na mguu wake.

Na tangu siku hiyo, sherehe ya amani inapofika, mchezaji wa Mlowe huvaa njuga mguu wa kulia na wa Kisagi mguu wa kushoto, nao huingia uwanjani wawili wawili. Ndiyo maana mgeni akipita vijijini wiki za mazoezi, akamsikia mtu mmoja akicheza uani kwake, hudhani huyo hajui kucheza. Wenyeji humpa kigoda, wakamwambia asubiri mwenzake aje.