Kisima cha Uani kwa Mwakio

Wakesho na wenzake wa kikundi cha akina mama waliomba msaada wa kuchimba kisima kutoka mfuko wa jamii. Mwenyekiti wa mfuko, Bwana Mwakio, akawaita pembeni.

"Ombi lenu nitalipitisha, ila kisima kichimbwe uani kwangu."

Wenzake walinuna, lakini Wakesho alitabasamu. "Hakuna neno, mzee. Ila hayo ni maji ya jamii, kwa hiyo lango lisifungwe."

"Halitafungwa," alisema Mwakio, akiwazia maji ya kumwagilia nyanya alizopanda uani.

Wakesho mwenyewe akawaonyesha mafundi pa kuchimba, kandokando ya ukuta wa barabarani.

Maji yalipotoka, kijiji kizima kilihamia kwa Mwakio. Kila alfajiri akina mama waliingia na ndoo, nyimbo na umbea, huku punda wao wakisubiri zamu kwa kula nyanya. Mke wa Mwakio akaenda kwa dada yake kutafuta usingizi.

Wiki haijaisha, Mwakio alimjia Wakesho, macho mekundu. "Mwanangu, nakusihi, kihamisheni kisima chenu."

"Kisima hakihamishiki, mzee," alijibu Wakesho kwa upole. "Kinachohamishika ni ukuta. Mafundi wako langoni, wamekuja na nyundo."