Mtindi wa Mzee Shemweta

Hadithi hii nimeipata kwa jirani yangu, naye alitumiwa na mtu. Niliisoma mara mbili ndipo nikaielewa, kwa hiyo usiiache katikati.

Palikuwa na mzee aliyeitwa Shemweta. Ujanani alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge. Mgiriki aliporudi kwao, alimwachia mzee ujuzi wa kupika chakula chao kimoja.

Kuku aliloweshwa siku nzima katika ndimu, kitunguu saumu, mafuta na majani makavu yenye harufu kali, kisha akachomwa kwa mkaa. Mkate wake ulikuwa bapa kama chapati, lakini ulitiwa hamira na kuokwa juu ya chuma kikavu bila mafuta. Mtindi ulining'inizwa kwenye kitambaa mpaka maji yakachuruzika yote. Ukishakuwa mzito, ulichanganywa na tango lililokunwa, kitunguu saumu na chumvi.

Kwa chakula hicho mzee alifungua mgahawa kando ya barabara. Mgahawa huo ulilisha wanawe watatu, wake zao na wajukuu.

Mwaka mmoja mambo yakageuka. Wateja walikula, wakamwambia mzee chakula ni kitamu, wakaaga vizuri, na hawakurudi tena. Mzee hakuelewa.

Mwanahawa, mke wa mwanawe mkubwa, alisema ni husuda za watu. Zuhura, mke wa yule wa kati, alisema tatizo ni ukuta mchafu, wakapaka rangi mpya. Wateja wakazidi kupungua. Stumai, mke wa yule wa mwisho, hakusema kitu. Kazi yake ilikuwa kujaza maji mezani, naye alishangazwa na jambo moja. Maji ya majagi yalikuwa yanakwisha kabla ya chakula cha sahani.

Siku moja mzee aliwaita wakwe zake wote watatu. Akawaambia kwamba mambo yakiendelea hivi, mgahawa utafungwa kabla ya masika. Kila mmoja apike chakula chote cha Mgiriki peke yake, na atakayefaa ndiye atakayeshika jiko.

Stumai alilitaka jiko hilo kuliko alivyoweza kusema. Mumewe alikwishaanza kuzungumza habari za kwenda mbali kutafuta kibarua.

Walipomaliza kupika, mzee alianza na Mwanahawa. Alikula kuku, akala mkate, akachovya kijiko kwenye mtindi. Akasema, "Hauna chumvi."

Mwanahawa akaomba radhi, akasema kweli amesahau, akatia chumvi na kukoroga.

Mzee akaenda kwa Zuhura. Akaonja. "Hauna chumvi."

"Ulimi wako hauna mfano, baba," akasema Zuhura. "Sisi wengine tunakisia tu." Akatia chumvi vijiko viwili, ili asizidiwe na Mwanahawa.

Kisha akafika kwa Stumai. Akaonja polepole. "Hauna chumvi."

Stumai alichanganyikiwa. Alikumbuka vizuri alivyoipima. Akaonja mwenyewe, chumvi ipo. Akadhani mdomo wake una kasoro, akasukutua kwa maji, akaonja tena. Chumvi ipo, tena ya kutosha.

Mwanahawa akamsogelea na kumnong'oneza, "Tia chumvi, mwenzetu. Unataka kubishana na baba mkwe mbele ya watu?"

Stumai alishika kopo la chumvi, akalifungua, akalifunga. Tangu aolewe hakuwahi kumpinga mzee huyu hata kwa jambo dogo. Hatimaye akasema akiwa ameinamisha kichwa, "Nisamehe, baba. Chumvi ipo. Nikiongeza, hautalika."

"Una maana mimi nasema uongo?"

"Hapana, baba. Sijui. Mimi mwenyewe sielewi. Ila chumvi ipo."

Mzee akawaambia Mwanahawa na Zuhura wale mtindi wao wenyewe. Mwanahawa alitafuna mkate mwingi kuificha chumvi. Zuhura alimeza kijiko kimoja, akaenda moja kwa moja kwenye jagi la maji.

Ndipo mzee akaketi. "Nimeonja vyakula vyenu vyote," akasema, "na sijasikia ladha ya hata kimoja. Tangu ile homa ya mwaka jana ulimi wangu haunipi kitu. Niliona aibu kusema. Nimekuwa nikitia chumvi kwa kukisia, na kila nikiuliza, nyumbani na mezani, naambiwa ni kitamu. Leo nimesema hauna chumvi ili nione nani ataniambia kweli."

Wote walikuwa wameila chumvi hiyo mwaka mzima.

"Na wewe, Stumai," mzee akamgeukia, "wewe unayejaza majagi. Hukuona kitu?"

"Niliona, baba. Niliogopa."

Mzee alitikisa kichwa muda mrefu, asiwe na hasira wala furaha. Mwishowe akachukua kijiko chake cha kuonjea, kile ambacho mtu mwingine hakuwahi kukishika, akampa.

"Kuanzia kesho mimi nitachoma kuku, kwa kuwa macho bado ninayo. Wewe utaonja. Nami nikikuuliza kama chumvi imetosha, usinitazame usoni. Tazama bakuli."

Wateja hawakurudi wote kwa siku moja. Walirudi mmoja mmoja, na Stumai alijua chumvi imetosha alipoona majagi yanabaki na maji mezani.

Funzo: Anayekuitikia kila unachosema anakuacha peke yako na kosa lako. Ukimpenda mkubwa wako, mwambie kweli kwa adabu, hata kama sauti yako inatetemeka.